Mwigizaji asiye na jukwaa: jibu kwa ndugu aliye kifungoni

Swali (limefupishwa): Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34. Nilihukumiwa miaka 15, nikitoa theluthi nimebakiza minne. Kabla ya hapa nilikuwa naigiza kwenye kikundi cha mtaani, na mara mbili nilipata nafasi ndogo kwenye tamthilia za televisheni. Jumapili huku tunawashiwa televisheni, nawaona wenzangu niliofanya nao mazoezi chini ya mwembe, sasa wana majina. Natoka pale naenda kulala, sisemi na mtu. Usiku naigiza peke yangu chini ya blanketi, midomo inacheza bila sauti, jirani zangu wanadhani nasoma dua. Tunalala wengi, akigeuka mmoja tunageuka wote, lakini sijawahi kuwa mpweke hivi. Kipaji kinaweza kuoza? Nifanye nini nisitoke hapa nikiwa ganda?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu.

Karatasi hizi, kabla hazijakufikia, zitapita mkononi mwa afande naye atazisoma, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo naandika nikijua kikao chetu ni cha watu watatu. Afande, habari za kazi. Kuna mahali humu panakuhusu wewe hasa, tukifika nitakuita.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliisoma kama binadamu, na ikaniuma. Mara tatu zilizofuata niliisoma kama mwalimu wa maigizo, ndipo nikaona neno ulilolikosea. Umesema unaigiza chini ya blanketi. Hapana, pale unakariri. Kukariri ni kazi ya maana na nitairudia, lakini si kuigiza. Kuigiza kunaanza jicho la mtu wa pili linapokuangukia, wewe ukabadilika kwa sababu yake na yeye akabadilika kwa sababu yako. Ndiyo maana unatoka chini ya lile blanketi ukiwa na njaa kuliko ulivyoingia.

Sanaa yetu ina uonevu huo. Mshairi akifungwa, anatafuta kitu cha kuandikia tu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikaa kifungoni tangu 1969 hadi 1972 kwa kijitabu kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Akatunga humo humo, akaandika kwenye karatasi za chooni kwa siri, na 1973 watu wakayasoma mashairi hayo katika Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka 1977, baada ya serikali kupiga marufuku mchezo wa Kigikuyu aliouandika na Ngũgĩ wa Mirii, ulioigizwa na wanakijiji wenyewe pale Kamiriithu, Limuru. Mtu kafungwa kwa sababu ya jukwaa. Akakaa gereza la Kamiti karibu mwaka mzima, naye pia na karatasi zake za chooni, na alichotoka nacho kilikuwa riwaya. Sitaki kumsemea, lakini kila nikilifikiria hilo naona lina maana yake. Riwaya unaweza kuifanya peke yako na ukaificha. Mchezo wa Kamiriithu haukuwa na namna ya kuwepo bila watu wa Kamiriithu. Mwigizaji ukimnyang'anya watu, umemnyang'anya kalamu, wino na karatasi kwa pamoja.

Ila wewe watu hujanyang'anywa. Umenyang'anywa taa, nguo, kamera, mke wa kukwambia leo ulichemka. Watu unao mpaka wanakubana ubavu. Mimi huku nje nahangaika wiki nzima kuuza viti 60, na wenyewe wakija wana simu mkononi. Wewe una chumba kimejaa watu ambao hawana pa kwenda mpaka alfajiri, hawana simu, na wamechoka kusikilizana. Sisemi una bahati. Nasema una hadhira, na ndicho kitu pekee ambacho sanaa hii haiwezi kukosa.

Nadhani ndani yako kuna kiu mbili zimefungwa kamba moja. Moja ni ya kuigiza, nyingine ni ya kuonekana. Ile inayokuuma Jumapili ni ya pili. Hiyo sina dawa yake, na mtu akikwambia anayo, ana lake. Kwa miaka minne ijayo nchi haitakuona, basi. Wivu usiuonee haya. Ziko tamthilia mimi hadi leo siwezi kuzitazama kwa sababu nafasi ile walinikata nikampisha mtu nisiyempenda. Ninachokuomba ni kitu kimoja: Jumapili ijayo usiondoke. Chagua mwigizaji mmoja, mtazame wakati *haongei*. Macho yanakwenda wapi mwenzake anapoongea? Mikono anaificha? Wengi wa wale wenye majina, nakwambia kwa roho safi, wakinyamaza wanakufa kabisa, wanangoja zamu yao kama watu wa benki. Utajifunza zaidi kwenye makosa yao kuliko kwenye sifa zao, na saa ile itakuwa ya kazi badala ya kuwa ya kidonda.

Kwa kiu ya kwanza, ya kuigiza, nina mengi.

Gereza la San Quentin, California, tarehe 19 Novemba 1957, kikundi cha maigizo kutoka San Francisco kiliingia na mchezo wa Samuel Beckett, Waiting for Godot, mbele ya wafungwa wapatao 1,400. Watu wawili wako karibu na mti wanamngoja mtu, na mtu haji. Wasomi wa mijini walikuwa wanakuna vichwa juu ya maana yake. Wafungwa hawakukuna kichwa. Kungoja walikuwa wanakujua. Kijana mmoja wa kifungo cha maisha, Rick Cluchey, hakuruhusiwa kutoka selo usiku ule. Aliusikiliza mchezo kupitia vipaza sauti vya gereza. Hakuona uso wala vazi. Miaka michache baadaye yeye na wenzake walikuwa na kikundi chao humo humo ndani, 1965 akaandika mchezo wake mwenyewe, 1966 adhabu yake ikapunguzwa akatoka, na baadaye akaja kuigiza Berlin akiongozwa na Beckett yuleyule.

Usiishike habari ya Berlin, Berlin ni bahati. Shika vipaza sauti. Mtu alipata mchezo mzima kwa masikio, ukamtosha kuanzia. Sisi tuliokua na Redio Tanzania hatushangai: Pwagu na Pwaguzi, wale wachekeshaji wake, tuliwaona kwa masikio, na ungenipa mkaa ningekuchorea sura zao ukutani.

Mwingine ni Charles Dutton, mtoto wa Baltimore, aliyeingia jela akiwa kijana kwa kuua mtu katika ugomvi. Siku moja walimpeleka selo ya adhabu, na kitabu alichoingia nacho kikawa mkusanyo wa michezo ya waandishi weusi. Alipotoka kwenye ile selo aliomba kuanzisha kikundi. Baada ya kifungo alisoma, akafika chuo cha maigizo cha Yale, akamaliza 1983, na Broadway, majukwaa makubwa ya New York, ikamjua. Nakutajia huyu kwa ajili ya ile hatua ndogo ya katikati: *aliomba*. Kwanza alikuwa na kitu cha kuwaonyesha watu, ndipo akaenda kuomba. Wengi wanaanza na barua ya maombi, ikikataliwa wanakunja mkeka.

Kwa hiyo usianze na kikundi. Anza na hadithi.

Usiku, mkishafungiwa na kuhesabiwa, mtafute mzee mmoja anayelala karibu nawe umwambie, "Paukwa!" Akiwa mtu wa kwetu atajibu "Pakawa!" kabla hajajua kwa nini amejibu. Hadithi haihitaji kibali cha mtu. Nyapara hawezi kukukatalia, maana hujafanya mkutano, unamsimulia mzee habari za sungura na fisi. Lakini wewe unajua unachofanya: wewe ni fisi, wewe ni sungura, wewe ni mke wa sultani, na wewe ni mti uliowaona wote. Nafasi nne kwa usiku mmoja, hakuna mwongozaji wa televisheni aliyewahi kukupa hizo.

Zoezi ninalowapa wanafunzi wangu ni hili. Hadithi moja, siku tatu. Siku ya kwanza isimulie kwa mwili wote, simama ukiweza. Siku ya pili kaa, tumia mikono na uso tu. Siku ya tatu lala chali kama wenzako, gizani, sauti ya chini, huna kitu kingine chochote. Kisha sikiliza ni nani bado yuko macho. Wakiwa macho wengi zaidi siku ya tatu kuliko ya kwanza, umekua. Mara nyingi mwanafunzi mwenye mbwembwe anaanguka siku ya pili na kufa siku ya tatu, na hapo ndipo tunaanza kazi.

Mtu wa pili akishapatikana, ingieni kwenye ngonjera. Najua umetabasamu. Wote tuliimba ngonjera shule ya msingi mbele ya mgeni rasmi, kaptula imenyooshwa kwa pasi, na tangu hapo tumeidharau. Ila Mathias Mnyampala alipoistawisha alijua alichoshika: watu wawili wana hoja mbili zinazogombana, kwa vina na mizani, na msikilizaji hajui amwamini nani. Haina vazi, haina kiti. Tungeni wenyewe: aliyekata rufaa na asiyekata, anayetaka mke amngoje na anayetaka mke aolewe aendelee na maisha. Hiyo ya pili nakuhakikishia selo nzima itanyamaza. Na kama yumo Mhaya, na Mhaya hakosekani popote, mwombe akufundishe majigambo: mtu mmoja kasimama anajisifu kwa ushujaa wake kwa mwendo wa shairi, kila mstari unapiga hatua. Ni zoezi la pumzi kuliko lolote nililosoma kitabuni.

Jihadhari na jambo moja, nalisema kwa sababu nimeliona likileta damu. Usimwigize mtu aliyemo humo. Kwa mwigizaji, gereza ni darasa la kutazama watu, hilo kweli: utaona namna mtu anavyoshika sahani kama mtu aliyewahi kupokonywa, namna mahabusu wa wiki ya kwanza anavyocheka kwa sauti kubwa mno. Yachukue yote, yaweke kichwani, uyachanganye, uyavalishe mtu ambaye hayupo. Ukimwiga jirani yako mwendo wake watu wakacheka, kwako ni sanaa, kwake ni heshima imevuliwa mbele ya watu ambao atalala nao miaka kumi.

Mkifika watu watano au sita mtataka mchezo kamili, na hapo mtagonga ukuta ambao walimu wengi wa nje hawaujui: nani atakuwa mwanamke? Nje, mwanaume akivaa khanga kwenye vichekesho watu wanacheka, anavua, anakwenda zake nyumbani. Gereza la wanaume ni kitu kingine. Aliyeshika nafasi ya mke leo anaweza kubandikwa jina lisilobanduka, na jina likaleta mengine ambayo huhitaji nikuandikie. Usimpe kijana mdogo nafasi hiyo, hata akiitaka mwenyewe, hata akiwa ndiye anayeiweza kuliko wote. San Quentin walichaguliwa mchezo ule wa Beckett kwa sababu hiyo kwa kiasi kikubwa: hauna mwanamke hata mmoja. Mnaweza kufanya hivyo. Mnaweza pia kumfanya mwanamke awe barua inayosomwa, au sauti ya msimulizi aliyekaa pembeni, au wanaume wanne wakasema maneno yake kwa zamu, kila mmoja mstari wake, bila mmoja wao kuwa yeye. Hii ya mwisho niliijaribu mara moja kwa mama anayekuja kumwona mwanawe siku ya wageni. Ilikuwa nzuri kuliko ningempata mwigizaji wa kike, maana kila mwanaume aliyesema mstari wake alikuwa anamsema mama yake.

Afande, sasa nakuita.

Kibali cha kikundi kitatoka kwa mkuu wa gereza, na njia ya kufika kwake ni kwa afisa anayeshughulikia ustawi wa wafungwa, au kwa padri, mchungaji na shehe wanaoingia humo. Ndugu yangu, ombi lako liwe fupi: watu wangapi, saa ngapi, wapi, na mwisho wake mtaonyesha nini na siku gani. Tarehe ya kuonyesha ni muhimu, kwa sababu ofisi yoyote inaogopa kitu kisicho na mwisho. Sema hakuna kifaa kitakachotumika, hata kijiti. Upanga uwe mkono mtupu, mlango uwe hatua mbili na sauti ya mdomo. Maneno yaandikwe, afande ayasome kabla. Ndiyo, ayasome. Najua roho ya msanii inavyokataa. Lakini kikundi kinachojificha kinaishi mwezi mmoja.

Watawaambia mfanye igizo la kifua kikuu, au la ukimwi, au la madhara ya uhalifu. Kubalini. Kisha mfanye vizuri, na hapa ndipo wengi tunaharibu. Mchezo wangu wa kwanza gerezani, miaka mingi sasa, ulikuwa wa kifua kikuu. Niliandika mwenyewe, daktari mmoja, mgonjwa mmoja, ushauri ukurasa baada ya ukurasa. Wafungwa walipiga miayo kwa adabu. Katikati, jamaa aliyekuwa mgonjwa akasahau maneno. Akakaa kimya, akakohoa, akatazama sahani ya jirani yake, kisha akaisogeza yake mbali taratibu. Jamaa akaisogeza kwa sababu ndivyo walivyomfanyia yeye alipougua kweli. Ukumbi ukanyamaza, mmoja nyuma akasema "Aisee." Sahani ile ilifundisha kuliko kurasa zangu kumi. Baada ya hapo akaongeza mbwembwe kuhusu mpishi na mchuzi, watu wakaanguka kwa kicheko, na afisa mmoja akatusimamisha kwa kuwa alidhani jiko la gereza linasemwa. Pengine lilikuwa linasemwa. Tulirudi baada ya miezi mitatu.

Afande, ombi langu kwako ni dogo. Wakicheka, hesabu hadi kumi kabla ya kusimama. Na kama moyo wako unaruhusu, chukua nafasi. Nelson Mandela ameeleza kwamba Robben Island walikuwa na michezo ya kuigiza kila Krismasi, na nafasi anayoikumbuka ni ya Kreoni, mfalme wa Thebe katika Antigone, mchezo wa kale wa Kigiriki, mtawala anayeshikilia sheria mpaka inamwangukia mwenyewe. Fikiri: mfungwa anacheza mtawala mkali, tena mbele ya wafungwa wenzake. Mwigizaji mzuri hawezi kucheza mtu anayemdharau, lazima atafute ndani yake ni wapi mtu huyo ana haki. Kwa hiyo, mdogo wangu, mkifikia kugawa nafasi, wewe usichukue ya mfungwa. Unamjua mno. Chukua ya hakimu.

Kuhusu lugha, ruhusa ninayo ya kukupa. Gereza la Rebibbia, Roma, wafungwa wa ulinzi mkali waliigiza Julius Caesar ya Shakespeare, na ndugu wawili waongozaji, akina Taviani, wakaifanya filamu iliyopata tuzo kubwa ya tamasha la Berlin mwaka 2012. Kila mfungwa alisema maneno ya Warumi kwa lafudhi ya kwao, wa Napoli kwa Kinapoli, wa Sisilia kwa Kisisilia, na ghafla njama ya kumuua Kaisari ikasikika kama njama wanayoijua. Sisi mchezo huo tunao kwa Kiswahili tangu 1963, mkono wa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Ukiupata, usiwalazimishe wenzako Kiswahili cha redioni. Brutus wa Pemba aseme kama Mpemba. Kasio wa Tarime aseme kama mtu wa Tarime, na Kaisari akae macho.

Mwisho wa filamu hiyo kuna kitu nilisita kukuandikia. Mmoja wa waigizaji anarudishwa selo baada ya onyesho, mlango unafungwa, anasema kwamba tangu ameijua sanaa, chumba hiki kimekuwa gereza. Hilo litakupata. Usiku mkishaonyesha, watu wakishapiga makofi, wageni wakishaondoka, mtarudi na mtahesabiwa kama jana. Usiku huo ni mbaya kuliko Jumapili zako zote za televisheni. Nimewaona watu wazima wakigoma kula siku mbili. Kwa hiyo panga mapema: kesho yake asubuhi muwe na kazi ya kikundi, hata ya dakika kumi, hata ya kubishana nani aliharibu wapi. Mkianza kubishana mmepona.

Hukunitajia kosa lako, nami sikuulizi. Lakini ipo siku mtu, pengine mwandishi wa habari, pengine mtu wa shirika, atataka uigize kisa chako mwenyewe, kwa kuwa kina "mvuto". Kataa. Kama kuna aliyeumia kwa mkono wako, kisa kile si mali yako peke yako, nusu yake ina mwenyewe na hayupo pale kukisema. Yachezee majuto kwenye kisa cha mtu mwingine. Yatatoka yakiwa safi zaidi, na hakuna mama wa mtu atakayesikia kwamba mnapigiwa makofi kwa msiba wake.

Sasa la kuoza. Kinachopungua ni pumzi, sauti, kumbukumbu, na ule ujasiri wa kusimama mbele ya watu, na vyote ni kama misuli. Asubuhi kabla ya foleni, vuta pumzi kwa hesabu nne, itoe kwa hesabu nane ukisema *sss*, mwezi ujao ifike kumi na mbili. Usipige kelele kwenye vumbi la shamba, linda koo, kunywa maji. Kariri, na hapa ndipo blanketi lako lina kazi: kurasa kwa kurasa, hata za kitabu cha dini, hata za sheria ya magereza. Nina rafiki aliyekariri tangazo zima la dawa ya mswaki akawa anawatia watu machozi nalo. Jicho la mwigizaji lenyewe halipungui. Miaka hii linajaa, upende usipende.

Utakapotoka usikimbilie kamera. Umri wako utakuwa 38, sura itakuwa imebadilika, na nafasi za vijana watapewa vijana. Mimi nasema afadhali. Nchi hii ina upungufu mkubwa wa waigizaji wanaojua kukaa kimya wakaaminika. Nenda kwanza redioni au kwenye kikundi cha jukwaani, wakakuone kazini. Wapo watakaokuuliza ulikuwa wapi, na wengine mlango utafungwa, sitakudanganya.

Dada yako, aliyeniletea barua, analia kwa sababu anadhani umekata tamaa. Mtu aliyekata tamaa haandiki kurasa sita. Nimempa kitabu kimoja akuletee siku ya wageni, chenye jalada la karatasi, kisije kikazuiwa getini: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Unakijua, ulikisoma shule kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo hujakisoma. Nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho. Kinjeketile, yule wa Vita vya Maji Maji, yuko kifungoni na Kitunda, kamanda wake, Wajerumani wanamtaka akane maji yake ya kuzuia risasi, aseme yalikuwa uongo, naye anakataa kwa sababu anajua wajukuu wataambiwa nini kesho. Watu wachache, chumba kimoja, hakuna mwanamke, hakuna kifaa. Nimetia alama ya penseli pale ambapo nadhani panahitaji kimya kirefu kuliko mlivyofundishwa.

Kinjeketile usimchukue wewe, atakupendeza mno. Mpe mzee wa Paukwa. Wewe kaa na Kitunda, mwenye mashaka, kisha uniandikie mzee alisema vipi mstari ule wa mwisho.